Mtu kwa Kila Neno

Wameniomba mimi niandike maneno ya kusoma kwenye mazishi, kwa sababu ndimi mwalimu wa Kifaransa katika ukoo, na watu wa kwetu wanaamini kwamba aliyesoma hakosi la kusema juu ya maiti. Nimetoka Beni, mtaa wa Beu ninakoishi, nikafika Butembo mchana na kukuta turubai zimeshafungwa, viti vya parokia vimepangwa, shangazi zangu wameketi mikekani. Kaka yangu Paluku akanishika mkono akanivuta pembeni. "Kavira, andika mbio. Sema Papa alikuwa mutu ya amani. Sema hata wakati ya vita hakukosana na mutu." Nikamwambia hilo la pili ni kweli tupu, Papa hakukosana na mtu. Paluku akatikisa kichwa kwa furaha. Hakusikia nilivyolisema. Nikaingia katika chumba cha nyuma kutafuta meza. Siku hizi wanaweka humo magunia ya saruji, na dirisha limezibwa kwa bati. Nimekaa na karatasi mbele yangu mpaka chai ikapoa, na bado sijaandika kitu. Wangenipa chumba kingine chochote, labda ningeandika. Hiki kilikuwa cha Prof Mukendi.

Mwaka ule, wa vita ya pili ya nchi yetu, nilikuwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa examen d'État, ule mtihani ambao kwetu bila huo hata ukijua kila kitu hujulikani. Prof Mukendi alikuwa mwalimu wetu wa Kifaransa. Serikali ilimtuma kutoka Kasaï kabla ya vita, kisha vita ikaikata nchi vipande viwili, yeye akabaki upande wetu, mke wake na mtoto wakabaki upande ule. Mshahara ukakatika, barua zikakatika. Mwenye nyumba yake wa kwanza akamtoa nje na mabegi yake. Papa alimkuta mbele ya kanisa baada ya misa ya Jumapili, amesimama na sanduku la bati kama mtu anayengoja gari mahali pasipopita gari. Papa wakati ule alikuwa mkubwa wa shirika letu, yaani ndiye aliyeongoza sala za jirani kila wiki, na sokoni aliuza chumvi na sabuni. Akamchukulia sanduku kichwani mwenyewe, yeye mzee, mbele ya watu wote, akasema, "Prof, mutoto ya Mungu halale mu njia." Siku ile nilimpenda Papa mpaka nikataka kulia. Nalisema hili ili mtu asije akadhani nilizaliwa na chuki.

Butembo ni baridi, na Prof alikuwa mtu wa jua. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima alitoka amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na kitambaa shingoni, wadogo zangu wakaanguka kwa kicheko. Siku ya tatu Mama alimkabidhi jembe. "Prof, mugeni siku ya tatu tunamupatia jembe. Si tusi, ni methali." Akaenda nasi shambani, akapalilia vitunguu vya Mama kwa bidii kubwa, yaani aling'oa vitunguu akaacha magugu. Mama alishika kiuno. "Yesu Maria! Hii diplôme yako walikupatia wapi?" Mezani pia walitaniana. Prof alisema fufu, ule ugali wetu wa muhogo, inashika koo kama askari wa barrière anayefunga njia, kwao wanachanganya na mahindi. Mama akajibu basi aende akale kwao, kisha akamwongezea maharage. Mafuta ya mawese yalikuwa haba mwaka ule. Mama alikuwa akiyapima kwa kizibo cha chupa, akitazama juu kama anayeomba Mungu asimwone.

Haukupita muda mrefu Papa akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliita majirani, akamwita na Papa Musavuli, aliyekuwa chef d'avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akachinja jogoo. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Ukisikia jina la mtu unajua wangapi wamemtangulia. Papa alikuwa na wana wa kiume watatu, Paluku, Kambale na Kasereka, na sisi mabinti wanne. Akasimama na bilauri ya kasiksi, pombe ya ndizi, akamwekea Prof mkono begani. "Maneno mingi sina. Kuanza leo huyu ni mutoto ya hii nyumba. Mwenye kumugusa amenigusa. Jina yake ni Kakule." Kakule ndiye mwana wa kiume wa nne. Prof, mwenye miaka thelathini na mvi mbili tatu, akawa mdogo wa Kasereka aliyekuwa bado anapoteza meno ya utotoni, na Kasereka hakuchelewa: "Kakule, kwenda uniletee maji, miye mukubwa yako!" Tulicheka mpaka machozi. Prof hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya sahani yake, akala, na Mama akatufukuza tusimtazame.

Shuleni hatukuwa na vitabu. Askari waliokaa mle kwa muda waliivunja maktaba wakavifanya vitabu kuni za kupikia. Waliondoka wakaacha majivu na mawe matatu katikati ya darasa la tano. Prof alikuwa na kitabu kimoja katika sanduku lake, riwaya ya zamani ya Kifaransa, nene, jalada lilishatoka. Ilikuwa habari ya mji mmoja wa mvua ambamo wapwa wa mjane tajiri wanangoja afe, naye anakataa kufa. Sisi tulikuwa darasa zima. Basi Prof akachukua wembe, akakata uzi wa kitabu mbele yetu, akakigawa vipande kama nyama ya mbuzi wa harusi. Kila mtu alikwenda na kipande chake nyumbani, na kila Jumatatu tulibadilishana. Wengine tulianzia katikati, wengine mwisho. Kuna msichana aliyejua nani kafa kabla ya kujua nani alizaliwa. Kifaransa cha kitabu kile kilikuwa kigumu, Mungu anajua. Mstari mmoja ulikuwa na maneno matatu ambayo hata padri hakuyatumia. Kamusi hatukuwa nayo. Na hapo ndipo Prof alipoweka sheria yake, ambayo hadi leo nafundisha kwayo.

"Non, non," alisema mtu alipojaribu kueleza neno gumu kwa neno jingine. "Usinipatie neno ingine ya Français. Neno kwa neno ni kuzunguka tu. Nipatie mutu. Hii neno, mu avenue yenu, ni nani?" Tukaanza kutafuta watu. Parcimonie tukamwona mara moja, nilisimama nikamweleza Mama na kizibo chake cha mafuta, darasa likapiga makofi. Obséquieux lilitusumbua siku nzima, mpaka mtoto mmoja akaiga namna Papa Musavuli, chef d'avenue, anavyosalimu askari: mikono miwili, mgongo umeinama, kofia inavuliwa mara tatu kwa salamu moja. Kelele zilizotoka darasani siku ile! Na matamore, mtu anayejisifu kwa vita ambavyo hakuvipiga, hatukutafuta mbali. Kwenye barrière ya njia ya kwenda Beni kulikuwa na commandant kijana mwenye miwani myeusi, aliyesimulia kila lori jinsi alivyokamata mji mzima peke yake na bunduki moja. Neno likamkaa kama shati lake mwenyewe. Tangu hapo tulipokwenda kuchota maji, wa mbele akipaza sauti "Matamore!" ilimaanisha commandant yuko barabarani, tupite njia ya chini. Hatukuona ubaya. Tulikuwa na njaa, tulikuwa na hofu, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu ambacho askari hawakuweza kutunyang'anya kwa sababu hawakujua kwamba kipo.

Wakaja kujua. Mtoto wa Musavuli alisoma nasi, na nyumbani kwao, kwa hasira ya kuchapwa kwa kosa jingine, alimtupia baba yake lile neno obséquieux pamoja na maana yake. Musavuli hakumwuliza mtoto zaidi. Alivaa kofia yake akaenda kwa commandant, na kule hakusema kwamba watoto wamemcheka. Alisema yule mwalimu wa Kasaï, mtu wa upande ule, anafundisha watoto maneno ya siri ya kutaja wakubwa wa jeshi. Katika vita uongo wa namna hiyo hauhitaji miguu, unabebwa. Mtu wa mbali, hana ndugu hapa, anasema Kifaransa kisichoeleweka, na watoto wanapiga kelele neno moja kila commandant akitokea. Hata mimi ningekuwa askari ningeshtuka.

Walimchukua saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumeketi, sombe ya majani ya muhogo mezani, Prof akimfundisha Kasereka kushika uma. Askari wawili waliingia bila kubisha, mmoja akachukua kipande cha fufu kutoka sahani ya Papa, akakila akiwa amesimama. "Mwalimu, commandant anakuita." Prof akanawa mikono taratibu, akavaa koti la pili. Akamwambia Mama, "Mama, munibakishie," na Mama akafunika sahani yake kwa sahani nyingine. Ilikaa vile hadi siku ya pili. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifunua.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mtu atamwonea Papa huruma mapema mno. Wiki ile ile kulikuwa na fundi wa pikipiki, kijana wa Bandundu, mtu wa upande ule pia, naye alikamatwa kwa neno la bure kama hilo. Mwenye nyumba wake alikuwa mjane muuza mkaa. Yule mama alikwenda kambini, akaketi chini mbele ya mlango, akasema, "Huyu ni mwana wangu, mukimuua munizike naye." Walimtukana, walimsukuma, jioni wakamrudishia kijana wake. Butembo nzima ilijua. Hata askari wale, wabaya walivyokuwa, waliogopa kumgusa mtu aliyekuwa na watu. Asiye na watu ndiye aliyepotea. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukulia. Tulisema Prof ana baba, tena baba mwenyewe ni mkubwa wa shirika, jina alipewa mbele ya majirani. Papa ataenda.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage, nikawasikia. Mama alisema, "Unaenda saa ngapi?" Papa akasema Musavuli amemwonya, mwenye kumsimamia yule mtu atalala naye huko kambini. "Basi ulale," Mama akasema. Papa akasema, "Usiongee kama mutoto." Kisha Mama: "Ulimupatia jina mbele ya batu." Papa akajibu, "Jina ni kitu ya nyumbani. Kule ni kambi." Nikamsikia Mama akiweka mwiko chini. "Aka! Jina haina ya nyumbani na ya kambi, Baba Paluku. Ao uko nayo, ao hauko nayo." Hakuinua sauti. Papa alitoka, akanikuta pale na ungo mapajani, akasema nivae viatu nimsindikize nibebe chakula. Nilikimbia. Nilidhani Mama ameshinda.

Kambi ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbia, bado ilikuwa na mapazia ya maua. Commandant alikuwa ameketi barazani, miguu juu ya meza, miwani usoni. Prof alitolewa ndani. Hakuwa na viatu, hakuwa na mkanda, alishika suruali kwa mkono mmoja, na sikio lake moja lilikuwa limevimba. Makoti yote mawili hayakuwepo. Nilianza kusema jambo, nadhani nilisema tu "Prof", commandant akanyoosha kidole: "Kanga monoko!" Lilikuwa neno la Kilingala la kunyamazisha watu, nikanyamaza. Kisha akamgeukia Papa, tena kwa upole, hilo ndilo nisilolisahau, hakumtisha hata kidogo. "Mzee, wanasema huyu ni mutoto yako. Wanasema ulimupatia na jina. Ni kweli? Kama ni mutoto yako, sema." Papa alivua kofia. Niliitazama mikono yake ikiizungusha ile kofia. Bakuli lilikuwa linaniunguza, sikulishusha. "Hapana, mon commandant," Papa akasema. "Ni mupangaji tu."

Mpangaji! Mtu ambaye hakuwahi kuombwa hata senti, aliyepalilia vitunguu vyetu, aliyenawa katika beseni letu. Commandant akacheka, akamgeukia Prof. "Na weye unasema nini?" Prof akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, wazi kabisa: "Ni kweli. Niko mupangaji tu. Bale batu hawanijue muzuri." Hakunitazama hata mara moja. Wakati ule niliumia kwa kutotazamwa. Sasa nikiwa mtu mzima najua alifanya makusudi, asije akatuponza kwa jicho. Papa alimkana kwa woga, yeye akamkubalia kwa upendo, na uongo ulikuwa ule ule mmoja. Tulirudi nyumbani. Njiani Papa alisalimia watu.

Walimhamishia Beni. Mama hakumwomba Papa ruhusa. Alipanda lori la kabeji, juu ya magunia, na bakuli limefungwa kwenye kitenge, akaenda mpaka kwenye jela waliyomtajia. Alirudi na bakuli tupu, akasema askari wa mlangoni alilipokea na kulirudisha limelambwa, na hakujua nani alilamba, lakini alichagua kuamini. Akaenda tena. Safari hiyo alirudi bakuli limejaa. Tulimwona akishuka, tukaona namna alivyolibeba, kwa mikono miwili, kama kitu kizito. Walimwambia yule wa Kasaï wamempeleka njia ya Kamango na wengine, kazi ya kubeba mizigo. Njia ya Kamango inaenda mpakani, porini. Mwaka ule waliokwenda huko na askari hawakurudi kusimulia. Mama alimimina maharage kwa kuku. Mpaka leo hakuna kaburi, hakuna cheti, na mahali fulani Kasaï kuna mwanamke aliyezeeka akingoja, na mimi sijui hata jina lake la ubatizo.

Sisi tuliendelea kusoma. Hakuna mwalimu aliyetuambia, ila Jumatatu ilipofika tulijikuta tumeleta vipande vyetu. Tulisoma na kutafuta watu, lakini sasa kwa sauti ya chini, na watu tuliowapata hawakuchekesha. Kila mwenye neno gumu alikuwa na mtu wake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Njia ya Beni ilifungwa baadaye, na ilipofunguliwa tena mtihani ukaja, karatasi ziliwasili kwa ndege chini ya bunduki, nikaandika dissertation, insha ya kurasa nne, bila kuinua kichwa. Maneno yalikuja yenyewe, kila moja na sura yake, na sauti yake. Matokeo yaliposomwa redioni jina langu lilikuwemo, juu.

Paluku amegonga mlango tena sasa hivi. Anataka karatasi, katekista anangoja. Nimemwambia aandike mwenyewe, anayo mikono. Amenitazama kama kichaa. "Kavira, ni Papa!" Najua ni Papa. Nimemlilia tangu Beni, njia nzima, mpaka dereva akazima muziki. Lakini sisi wawili, mimi na yule aliyelala sebuleni, tulishasemezana juu ya jambo hili, mara moja tu, na sina neno la kuongeza mbele ya watu.

Ilikuwa siku ile ya matokeo. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, anatembea mtaani mweupe kama mzimu, na kila nyumba inampigia vigelegele. Papa alinunua kopo kubwa. Uwanja ulijaa, hata Musavuli alikuja na kofia yake, na Papa alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake anajua Kifaransa cha kwenye vitabu. Mimi nilijificha humu chumbani. Akaja, akafungua mlango akicheka, akanimwagia poda kichwani kwa mkono wake, nyingi, mpaka nikakohoa. "Sasa unalia nini? Toka, bageni bakuone. Ubapatie neno moja kubwa, basikie!" Nikamwambia neno ninalo, tulilikuta katika kile kipande cha mwisho, baada ya Prof kuchukuliwa. "Pusillanime." Akalirudia kwa taabu, akitabasamu. Akauliza ni kusema nini. Nikamwambia, "Ni mutu mwenye anajua haki iko wapi, Papa, na roho yake ni ndogo, inamukatalia kufika pale. Tulitafuta mutu wa hii neno. Miye nilimupata."

Tabasamu halikuondoka mara moja, lilichelewa usoni kama kitu kilichosahauliwa. Akaketi kwenye kitanda cha Prof. Nje walikuwa wanaimba. Alitazama viganja vyake vilivyojaa poda, akavipangusa kwenye suruali, akavitazama tena.

"Nilikuwa na batoto saba, Kavira," akasema.

"Munane, Papa."

Akaokota kifuniko, akalifunga lile kopo, akatoka nje kwa wageni.